Taa ya Humphry Davy na Amana ya Mwenye Elimu



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya maimamu wetu, wapokezi wa hadithi na viongozi wa umma huu, na hiyo ni haki yao. Leo naomba ruhusa yenu nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa Muislamu, Mwingereza aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita. Jina lake ni Humphry Davy. Mimi si mwanafunzi wa kemia. Nasoma masomo ya Kiislamu, na kabla ya Ramadhani iliyopita jina hilo lilikuwa halijawahi kunipitia masikioni. Nianze basi na kilichonifikisha kwake.

Kiberiti mkononi

Ramadhani hiyo nilikuwa likizo nyumbani Kamembe, wilayani Rusizi. Mtaani kwetu vijana hujitolea kupika futari ya wasafiri na wasiojiweza. Tunapikia katika chumba kidogo cha matofali chenye mlango mmoja na kidirisha kimoja kilicho juu, karibu na bati. Majiko ya mkaa hukaa nje, na ndani kuna jiko la gesi kwa ajili ya siku za mvua. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu adhuhuri na mlango ulikuwa umefungwa. Niliingia na kiberiti mkononi ikiwa imebaki nusu saa tu kabla ya adhana ya magharibi. Harufu ya gesi niliisikia. Nikajiambia kwamba jiko la gesi lazima linuke gesi, nikatoa njiti.

Kijana anayetusaidia kuosha masufuria, ambaye aliacha shule akiwa bado darasa la nne, alinishika mkono kwa nguvu akaninyang'anya kiberiti. Alifungua mlango wote, akafunga mtungi, akauburuta hadi nje kwenye mvua, kisha akatukataza kugusa hata swichi ya taa. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka karibu na kichwa cha mtungi, na gesi ilikuwa imevuja kwa muda tusioujua.

Usiku ule baada ya tarawehe mzee mmoja alisimama mbele ya watu. Alimshukuru Allah kwa kutuepusha na msiba, kisha akanishukuru mimi. Alisema kuwa faida ya kuwa na mwanachuo mtaani imeonekana. Nani alimpa habari ile hivyo, sijui. Ninachojua ni kwamba niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikanyamaza. Kijana yule alikuwa nyuma, anapanga viatu mlangoni.

Nilipolala usiku ule mambo mawili yalininyima usingizi. La kwanza lilikuwa ile njiti. La pili lilikuwa ule unyamaze wangu. Nikaanza kusoma ili nielewe la kwanza, na humo ndani nikakutana na mtu aliyenifundisha juu ya la pili.

Gesi, hewa na cheche

Niliyoyasoma ni haya kwa ufupi. Gesi haiwezi kulipuka ikiwa peke yake. Inahitaji kuchanganyika na hewa kwa kiasi maalumu, kisha ipate moto wa kuianzisha. Kwa gesi ya methani kiasi hicho ni kati ya asilimia 5 na 15 hivi ya mchanganyiko. Ikipungua hapo, gesi haitoshi kuwaka. Ikizidi, hewa ndiyo haitoshi. Ikiwa katikati, cheche moja inatosha. Mahali pa wazi moto hupata pa kwenda. Ndani ya chumba kilichofungwa hewa ya moto hutanuka ghafla na haina pa kutokea, ndipo kuta zinapobomoka.

Gesi ya mitungi yetu ya jikoni si methani, na ina hatari yake ya ziada: ni nzito kuliko hewa. Hushuka ikatanda sakafuni, kwa hiyo kidirisha chetu cha juu kilikuwa hakitusaidii kitu. Methani ni nyepesi, yenyewe hupanda na kujikusanya chini ya dari.

Sisi watu wa Rusizi tuna sababu ya kuijua methani. Jioni ukisimama kwenye vilima vya Kamembe unaona taa za wavuvi wa sambaza zimetapakaa juu ya Ziwa Kivu. Chini ya ziwa hilo hilo, kuanzia kina cha mita 260 hivi kwenda chini, maji yamebeba takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani, pamoja na hewa ukaa iliyo nyingi zaidi ya hapo mara kadhaa. Ghuba yetu ya Cyangugu na Bukavu ina kina kifupi, na hazina hiyo iko kwenye kina kikubwa kaskazini mwetu. Gisenyi walianza kuitumia gesi hii kiwandani katika miaka ya 1960, na huko Karongi mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, unaigeuza kuwa umeme wa megawati 26. Ndugu zetu wa Goma wana hata neno la hewa inayoua kimya kimya mabondeni: mazuku. Hiyo ni hewa ukaa, hailipuki, lakini inatukumbusha kuwa ardhi yetu hupumua.

Methani hii ndiyo iliyokuwa ikiua wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, na ndiyo iliyomkutanisha Davy na kazi kubwa ya maisha yake.

Mtoto wa Penzance

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 mjini Penzance, katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mbao. Alifariki mwaka 1794 akiacha madeni, na mama akafungua duka la kofia ili alee watoto. Wengi wetu tunaijua hali hiyo ya nyumba kubaki mikononi mwa mama na mtoto wa kwanza kuangaliwa na wote.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Alipenda kuvua samaki, kutunga mashairi na kuwasimulia wenzake hadithi. Mwaka 1795 alipelekwa kujifunza kazi kwa tabibu wa mji wao, na hapo kwenye chupa za dawa ndipo alipoonja kemia. Alijisomea vitabu, akafanya majaribio kwa vyombo alivyovipata, na mwaka 1798, akiwa hajatimiza miaka 20, aliitwa Bristol kwenye taasisi iliyochunguza kama hewa za aina mbalimbali zinaweza kutibu maradhi.

Huko alijaribu hewa hizo kwa kuzivuta mwenyewe. Alivuta ile inayoitwa gesi ya kuchekesha akagundua kuwa inapunguza maumivu, akaandika kwamba huenda ingefaa katika upasuaji. Madaktari walichukua zaidi ya miaka 40 kulitia jambo hilo maanani. Siku nyingine alivuta gesi yenye monoksidi ya kaboni, ile ya moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na nusura afe.

Mwaka 1801 alihamia London kufundisha katika Royal Institution. Alikuwa na ulimi mtamu na majaribio ya kuvutia, hata watu wakajazana kumsikiliza. Mwaka 1807 alitumia nguvu za umeme kutenganisha potasiamu na sodiamu, vitu ambavyo hakuna mwanadamu aliyewahi kuviona vikiwa peke yake, na mwaka uliofuata kalisiamu na magnesiamu. Mtoto wa mjane wa Penzance akawa jina kubwa Ulaya. Mwaka 1812 alipewa cheo cha Sir, na siku chache baadaye akaoa mjane tajiri.

Mwishoni mwa mwaka huo mchanganyiko mmoja ulimlipukia usoni ukamuumiza macho, hata akahitaji mtu wa kumwandikia. Aliyemsaidia alikuwa kijana maskini aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Likumbukeni jina hilo. Wawili hao walisafiri Ufaransa na Italia, na huko milimani Pietramala walikuta moto unaowaka wenyewe ardhini. Davy akaipima gesi yake akaona kuwa ni ile ile ya migodini.

Mgodi wa Felling

Wakati Davy anapanda vyeo, kaskazini mwa Uingereza watu walikuwa wanazikwa. Tarehe 25 Mei 1812 gesi ililipuka katika mgodi wa Felling, karibu na Newcastle. Walikufa watu 92, wanaume na wavulana, na miongoni mwao walikuwemo watoto wadogo ambao sisi tungewapeleka madrasa. Mdomo wa mgodi ulizibwa ili moto ukose hewa uzimike, na familia zilingoja wiki kadhaa kabla ya kuanza kutoa miili ya watu wao.

Kiini cha tatizo kilikuwa mwanga. Mchimbaji haoni kitu bila taa, na taa ya wakati ule ilikuwa moto mtupu. Walijaribu njia nyingi. Kulikuwa na gurudumu la chuma lililosuguliwa kwenye jiwe na mtoto ili litoe cheche za kumulikia, kwa dhana kuwa cheche haziwashi gesi, na hiyo nayo iliua. Kulikuwa pia na mtu aliyejifunika magunia yaliyoloweshwa maji, akatambaa mbele ya wenzake na mshumaa kwenye fimbo ndefu, akilipua gesi kidogo kidogo kabla haijawa nyingi. Mtu huyo alikuwa na familia kama sisi.

Kasisi wa eneo lile, John Hodgson, aliwazika wengi wa marehemu. Wenye migodi hawakupenda habari zienee, lakini yeye aliandika kilichotokea akakichapisha. Mwaka 1813 ikaundwa jumuiya mjini Sunderland ya kutafuta namna ya kuzuia maafa hayo, na mwaka 1815 jumuiya hiyo ikamwandikia Davy.

Davy alikuwa anaweza kukataa. Alikuwa na mali, cheo na heshima, na vumbi la makaa halikuwa sehemu yake. Mwezi Agosti 1815 alikwenda. Alizungumza na wasimamizi wa migodi, hasa John Buddle wa Wallsend, akaomba apelekewe gesi ya mgodini ndani ya chupa, akarudi nayo London.

Wavu wa waya

Kuanzia Oktoba hadi Desemba 1815 Davy alifanya kazi ambayo mimi kama mwanafunzi wa fiqhi naiona kuwa ni ijtihadi ya aina yake. Hakuanza na kutengeneza taa. Alianza kwa kuuliza gesi yenyewe ina tabia gani. Aligundua kuwa haishiki moto kwa urahisi kama gesi nyingine: inahitaji joto kali. Aligundua pia kwamba ukichanganya hewa ukaa au nitrojeni ndani yake, mlipuko hupungua nguvu hadi kutoweka. Hadi leo viwanda na migodi huzima hatari kwa kujaza hewa za namna hiyo mahali palipofungwa, ili moto ukose oksijeni.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa hili: aliona kwamba mlipuko haupiti kwenye mrija mwembamba wa chuma. Chuma hunyonya joto la mwali, na mwali ukishapoa hauwezi kuiwasha gesi iliyo upande wa pili. Akafupisha mirija na kuzidi kuifanya myembamba, mpaka akafika kwenye kitu rahisi kabisa: wavu wa waya wenye matundu madogo sana. Akauzungushia wavu huo mwali wa taa ya mafuta. Hewa inaingia, mwanga unatoka, na gesi nayo inaingia na kuwaka humo humo ndani. Moto hautoki.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, chukua chujio la chai la chuma, si la plastiki, ulishushe taratibu juu ya mwali wa mshumaa. Utaona moshi unapita na mwali unakatikia chini ya waya. Nilifanya hivyo nyumbani mbele ya mama, naye akaniuliza kama chujio lake litarudi lilivyokuwa.

Taa ile ilikuwa pia na faida ya kuonya. Gesi ikiongezeka, mwali hurefuka na kupata rangi ya samawati. Gesi ikizidi kabisa, taa huzimika, na mchimbaji anajua kuwa aondoke. Januari 1816 ilijaribiwa ndani ya migodi yenye gesi, na kasisi Hodgson mwenyewe akiwa miongoni mwa walioingia nayo.

Katika usulu tunafundishwa sadd adh-dharai, kuziba njia zinazopeleka kwenye madhara. Kuna anayedhani maana yake ni kufunga kila mlango. Davy hakuuzima mwanga ili auzuie moto, kwa sababu bila mwanga watu wale wasingepata riziki. Alitafuta hasa ni wapi madhara yanapopita, akapaziba hapo tu. Mafaqihi wetu waliopima maslahi na madhara walifanya kazi inayofanana na hiyo. Jambo lenyewe si geni kwetu pia: katika karne ya 3 Hijria, Baghdad, ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa walieleza katika kitabu chao cha vifaa chombo cha kumwezesha mtu kushuka kisimani penye hewa mbaya akabaki salama. Na Imam al-Ghazali aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya, kwa kuwa uhai wa watu unaitegemea. Sioni kwa nini elimu ya kuzuia chumba kisilipuke iwe nje ya hukumu hiyo.

Pesa aliikataa, jina hakuliachia

Buddle alimshauri Davy aisajili taa ile iwe mali yake, kwa sababu ingemwingizia maelfu ya pauni kila mwaka. Davy alikataa. Alisema, kwa maana yake, kwamba lengo lake lilikuwa kuwahudumia wanadamu, na utajiri ungemwondoa kwenye njia yake. Kwa hiyo kila fundi aliruhusika kuitengeneza. Wenye migodi walikuja kumzawadia vyombo vya fedha, na vyombo hivyo baadaye vilitumika kuanzisha nishani ya kemia inayotolewa kwa jina lake hadi leo. Nikiishia hapa, ningekuwa nimewasimulia mtu wa kuigwa moja kwa moja. Lakini maisha yake hayaishii hapa.

Katika mgodi wa Killingworth, karibu na Newcastle, alikuwepo fundi wa mitambo aitwaye George Stephenson. Huyu hakusoma shule, na alijifunza kusoma na kuandika akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Baadaye alikuja kuwa maarufu kwa reli na treni. Tarehe 21 Oktoba 1815, kabla Davy hajawaeleza wanasayansi wa Royal Society ugunduzi wake mwezi Novemba, Stephenson aliingia na taa yake mahali penye gesi mgodini, akiweka roho yake rehani. Taa hiyo nayo ilitumia matundu madogo kuuzuia moto. Na kabla yao wote, daktari William Clanny wa Sunderland alikuwa ametengeneza taa yake mwaka 1813.

Wanahistoria wengi leo wanaona kwamba Davy na Stephenson kila mmoja alifika kwa njia yake. Davy hakukubali. Aliona haiwezekani fundi asiye na elimu, mwenye lafudhi ya vijijini, aone kile alichokiona yeye. Alidai kuwa wazo limeibwa kwake, na marafiki zake wakubwa wa London wakatia sahihi zao kumuunga mkono. Watu wa kaskazini nao wakamchangia Stephenson pauni 1,000 kama heshima. Davy alibaki na uchungu huo hadi mwisho.

Mwaka 1820 akawa rais wa Royal Society. Mwaka 1823 jina la Faraday, yule kijana wa kujalidi vitabu, lilipendekezwa kuwa mwanachama. Davy, aliyemtoa kwenye umaskini kwa mkono wake, ndiye aliyempinga. Faraday alichaguliwa hata hivyo, na akaja kuwa mkubwa kuliko mwalimu wake.

Hapo ndipo niliposimama kusoma, nikaikumbuka ile hotuba baada ya tarawehe. Mtu huyu aliweza kukataa maelfu ya pauni kwa siku moja, na akashindwa kumpa fundi maskini sehemu yake ya sifa. Sisi tunaosoma elimu ya dini tunajua kuwa pesa si mtihani pekee wa ikhlasi. Nafsi inaweza kuiachia mali, kisha ikajilipa kwa kutajwa.

Taa bila amana

Kuna jambo lingine ambalo wasifu mfupi wa Davy huliruka. Taa ilipoenea, vifo havikwisha. Kamati ya bunge la Uingereza iliyochunguza ajali za migodini mwaka 1835 ilielezwa kuwa katika eneo la Newcastle na Durham waliokufa katika miaka 18 baada ya taa walikuwa wengi kuliko waliokufa katika miaka 18 kabla yake.

Sababu zilikuwa kadhaa. Taa yenyewe ilikuwa na mipaka: upepo mkali wa gesi mgodini uliweza kuusukuma mwali upenye wavu, na waya mmoja ukikatika kinga imekwisha. Mwanga wake ulikuwa hafifu, na wachimbaji waliolipwa kwa kadiri ya makaa waliyotoa wakaufungua wavu ili waone vizuri. Uchimbaji nao ulikuwa umeongezeka. Lakini sababu nzito kuliko zote ni kwamba wenye migodi, wakishapata taa, waliwashusha watu katika vyumba vya chini vilivyojaa gesi ambavyo zamani viliachwa kwa hofu. Njia za kupitisha hewa safi, ambazo zina gharama, ziliahirishwa. Kifaa kilicholetwa kumwokoa mchimbaji kikawa ruhusa ya kumpeleka penye hatari zaidi.

Leo dunia ina vifaa ambavyo Davy hakuviota. Kuna vipimo vinavyohisi kupanda kwa mgandamizo na kumwaga unga wa kuzimia moto kabla mlipuko haujakua. Kuna vizuizi vya unga wa mawe na vya maji vinavyotundikwa njiani mgodini ili mlipuko wenyewe uvimwage na kujizima. Kuna vizuia moto kwenye mabomba ya gesi ambavyo asili yake ni wavu ule ule. Vyote hivyo vina thamani kubwa. Hata hivyo, kanuni ya kwanza ni ile ambayo wenye migodi waliikwepa: gesi isiachwe ikakusanyika. Kila kifaa kinachofuata kinamtegemea mtu mwenye amana, anayekikagua na asiyekitumia kama udhuru.

Davy hakuishi kuiona ripoti ile. Mwaka 1826 alipatwa na kiharusi, akajiuzulu urais mwaka 1827, akazunguka Ulaya akitafuta afya. Alifariki Geneva tarehe 29 Mei 1829, akiwa na miaka 50, akazikwa huko huko. Hesabu yake iko kwa Mola wake, na si kazi yangu. Kazi yangu ni kuchukua mafunzo.

Deni langu

Nilirudi kwa mzee yule wiki moja baada ya Idi. Nilimweleza kuwa aliyezuia kiberiti si mimi. Mimi ndiye niliyekishika. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini nilichelewa kusema. Sikuwa na jibu zuri. Ijumaa iliyofuata alimwita yule kijana mbele ya watu na kumwombea dua. Kijana aliona haya, akakimbilia nje mara tu dua ilipokwisha. Ameniomba nisiandike jina lake hapa, na nimemtii. Alipojifunza yale aliyoyafanya niliambiwa na yeye mwenyewe: aliwahi kufanya kibarua mahali panapouzwa mitungi, akawa anasikiliza.

Chumba chetu cha futari sasa kina matundu mawili ukutani karibu na sakafu, kwa ajili ya gesi nzito. Mtungi unakaa nje ya ukuta, na mpira hukaguliwa kwa povu la sabuni: likitoa mapovu, hakuna kupika. Nanyi ndugu zangu mnaoishi vyumba vya kupanga, mnaopikia na kulala chumba kimoja, fanyeni hivyo hivyo. Ukisikia harufu usiwashe taa wala usiizime, usipige simu ukiwa ndani. Fungua mlango, funga mtungi ikiwa unaufikia kwa usalama, toka, uwatoe na wengine. Kutawakali kwetu hakutuondolei wajibu huo.

Na ukisifiwa kwa kazi ya mwenzako, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa mwezi mzima.

Allah atunufaishe kwa tunayoyasoma, atukinge na madhara ya nje na ya ndani ya nafsi zetu, na atulipie kheri wale wanaotuokoa tusiwajue majina yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.